Aina za Kimaumbile na Aina Asilia: Historia ya Dhana katika Falsafa ya Sayansi na Ushahidi wa Majina ya Mikoko ya Delta ya Rufiji

Ikisiri

Swali la iwapo ulimwengu umegawanyika wenyewe katika aina, au aina hizo ni mgawo wa binadamu na lugha yake, limekuwa kiini cha mjadala mrefu katika falsafa ya sayansi. Makala haya yanafuatilia historia ya dhana ya aina za kimaumbile kuanzia mantiki ya Kiyunani na Kiarabu hadi nadharia za mwishoni mwa karne ya 20, kisha yanaipima dhana hiyo kwa majina ya Kiswahili ya mikoko yanayotumika pwani ya Afrika Mashariki, hususan katika delta ya Rufiji na maeneo ya Kibiti yanayopakana nayo, ikiwamo Mchukwi. Hoja kuu ni kwamba majina hayo yanabeba mifumo mitatu ya uainishaji inayoingiliana bila kumezana: mfumo wa mti, mfumo wa umbo na mfumo wa zao. Makala yanaonesha pia kuwa istilahi “aina asilia”, ambayo ndiyo ingekuwa rahisi kupendekezwa, inaficha tofauti ambayo falsafa inahitaji kuitunza, na kwamba uchaguzi wa istilahi una athari nje ya darasa la falsafa.

1.0 Utangulizi

Mtu anayesema “mikoko ya Rufiji inateketea” na mtu anayesema “mkoko huu una mizizi mirefu” wanatumia neno moja, lakini hawasemi juu ya kitu kimoja. Wa kwanza anataja msitu mzima wenye miti ya koo mbalimbali. Wa pili anataja mti mmoja mahususi, ambao wanabotania wanauita Rhizophora mucronata. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati tabu yoyote kuelewa tofauti hiyo. Tabu huanza pale anapoulizwa: je, ipo aina moja inayoitwa “mikoko”, au ni jina tu lililofunikwa juu ya vitu visivyo na undugu?

Swali hilo si geni. Katika falsafa ya sayansi huulizwa juu ya dhahabu, maji, simbamarara na maradhi. Jipya ni kuliuliza kwa Kiswahili na kwa mifano ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya maandiko ya kifalsafa yaliyopo hutumia mifano ya miti ya Ulaya na Marekani Kaskazini, na msomaji wa Afrika Mashariki hulazimika kuikubali mifano hiyo kwa imani. Delta ya Rufiji inatoa mfano ulio bora zaidi. Ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, imekuwa chini ya macho ya dola tangu enzi ya Wajerumani, na majina ya miti yake yamekomaa kwa matumizi ya vizazi vingi vya wakataji, mafundi wa vyombo na wajenzi.

Makala haya ni ya kimaandishi na kidhana. Data yake ni majina ya miti na mazao yake yanayofahamika katika Kiswahili cha pwani na yaliyokwisha kurekodiwa katika maandiko ya misitu na kamusi. Sehemu ya pili inajadili istilahi. Sehemu ya tatu inatoa historia ya dhana. Sehemu ya nne inachambua majina, ya tano inayahusisha na nadharia, na ya sita inaonesha uzito wa jambo hili katika maisha ya watu.

2.0 Tatizo la Istilahi: Jinsi, Aina na Asilia

Kiswahili hakikuanza kuwa na maneno ya uainishaji kwa kupitia sayansi ya kisasa. Neno “jinsi” limetokana na Kiarabu jins, ambalo katika mantiki ya Kiislamu lilitumika kutafsiri dhana ya Kiyunani ya genos. Mwandani wake ni nawʿ, lililotafsiri eidos. Maneno hayo mawili yalikuwa msingi wa Isagoge ya Porphyry, kitabu cha karne ya 3 kilichokuwa utangulizi wa mantiki ya Aristotle, na baadaye yalisambazwa na muhtasari wa al-Abhari wa karne ya 13 uliosomeshwa katika vyuo vingi vya ulimwengu wa Kiislamu. Kiswahili kilipokea jins, lakini kikalifanyia kazi nyingine: leo “jinsi” ni namna ya kutenda jambo, au ni hali ya kuwa mume au mke. Nawʿ halikupata nafasi kama hiyo katika Kiswahili cha kawaida. Ngazi mbili za mantiki ya kale zikawa hazina tena jozi ya maneno, na sayansi ya shuleni ikaziba pengo hilo kwa “jenasi” na “spishi”.

Neno lililobaki kuwa mtumishi wa wote ni “aina”. Aina ya gari, aina ya mti, aina ya tabia: neno hili halijali kama kundi limetokana na maumbile au na uamuzi wa mtu. Ndiyo maana linahitaji kivumishi linapoingia katika falsafa. Kivumishi kinachokuja haraka ni “asilia”. Hata hivyo, hapa pana mtego. Katika Kiswahili cha sasa “asilia” lina maana mbili zinazotembea pamoja. Katika “gesi asilia” na “misitu asilia” lina maana ya kitu kisichotengenezwa na binadamu. Katika “maarifa asilia”, “dawa za asilia” na “jamii asilia” lina maana ya kitu cha wenyeji, kilichorithiwa mahali hapo. Kwa hiyo “aina asilia” yaweza kusomwa kuwa ni aina zilizomo katika maumbile, na yaweza kusomwa kuwa ni aina wanazozitambua wenyeji.

Utata huu si hitilafu ya kutafsiri inayostahili kusahihishwa kimyakimya. Swali zima la makala haya linakaa katikati ya maana hizo mbili: je, aina wanazozitambua wenyeji ni aina zilizomo katika maumbile? Istilahi inayozichanganya hujibu swali kabla halijaulizwa. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia “aina za kimaumbile” kwa dhana ya falsafa ya sayansi, na “aina asilia” kwa aina zinazotambuliwa katika maarifa ya wenyeji. Iwapo zinalingana au hazilingani ni jambo la kuthibitishwa.

3.0 Historia Fupi ya Dhana

3.1 Kutoka kiini hadi Kundi Halisi

Kwa Aristotle, kila kiumbe kilikuwa na kiini kinachokifanya kiwe kile kilicho, na fasili sahihi ilitaja jinsi yake pamoja na sifa inayokitenga na wenziwe. Mtazamo huo ulidumu kwa karne nyingi. Pigo kubwa lilitoka kwa John Locke katika Essay ya mwaka 1690. Locke alitenganisha kiini halisi, yaani muundo wa ndani unaozaa sifa za kitu, na kiini cha jina, yaani mkusanyo wa sifa ambazo watu wamekubaliana kuziambatanisha na jina fulani. Kwa kuwa muundo wa ndani haukujulikana, Locke alishikilia kwamba mipaka ya aina tunazozitaja ni kazi ya akili zetu. Vitu vinafanana kweli, lakini anayeamua kufanana gani kutoshe kuwa mpaka ni mtu.

Karne ya 19 ilileta majibu mawili yasiyofanana. William Whewell, mwaka 1840, alidai kwamba kundi la kimaumbile halijengwi na fasili bali na kielelezo. Kundi lina kitovu kinachojulikana vizuri hata pale kingo zake zinapokuwa na ukungu, na wanakundi wengine huhesabiwa kwa ukaribu wao na kielelezo hicho. John Stuart Mill, katika System of Logic ya mwaka 1843, alitaka kigezo kikali zaidi. Vitu vyeupe, alisema, havina kitu cha pamoja zaidi ya weupe na yale yanayotokana nao. Lakini salfa au jamii ya mimea ina sifa za pamoja zisizo na kikomo, ambazo uchunguzi haujawahi kuzimaliza. Kundi la namna hiyo ndilo alilolipa heshima ya kuitwa Kundi Halisi. Ian Hacking (1991) ameonesha kwamba istilahi yenyewe ya aina za kimaumbile ilishika mizizi kupitia John Venn, aliyeitumia katika kitabu chake cha nadharia ya uwezekano cha mwaka 1866.

Baina ya Mill na Venn kilitokea kitabu cha Darwin cha mwaka 1859. Ikiwa spishi hubadilika na kuzaa spishi nyingine, basi kiini kisichobadilika hakiwezi kuwa msingi wa aina za viumbe. Tangu hapo mifano ya kibiolojia, iliyokuwa mifano mikuu tangu Aristotle, ikageuka kuwa mifano migumu kuliko yote. Katika miaka ya 1970, Michael Ghiselin na David Hull walifika mbali zaidi kwa kudai kwamba spishi si aina hata kidogo: ni kitu kimoja chenye kuanza na kukoma katika wakati, kama ukoo.

3.2 Kurudi kwa kiini na kutawanyika kwake

W. V. Quine, katika insha yake ya mwaka 1969, aliichukulia dhana ya aina kuwa ngazi ya kupandia. Binadamu huzaliwa na hisi ya kufanana kwa vitu, hisi hiyo humwezesha kujifunza, na sayansi ikishakomaa huitupa kwa kuweka mahali pake nadharia ya miundo. Wenzake hawakuwa tayari kuitupa. Saul Kripke, katika mihadhara ya mwaka 1970, na Hilary Putnam, katika insha ya mwaka 1975, walidai kwamba jina la aina hushika kitu chenyewe na si maelezo ya kitu. “Maji” yalitaja maji hata kabla ya mtu yeyote kujua kemia. Putnam aliongeza jambo litakalohitajika hapa chini: mgawanyo wa kazi katika lugha. Yeye mwenyewe alikiri kuwa hakuweza kupambanua miti miwili ya Ulaya, lakini maneno yake mawili bado yalikuwa na maana mbili, kwa sababu katika jamii ya lugha wapo wataalamu wanaoweza kuipambanua.

Baada ya hapo dhana ikatawanyika. Richard Boyd alipendekeza kuwa aina ya kimaumbile ni kifungu cha sifa kinachoshikiliwa pamoja na utaratibu wa kisababishi. Hakuna sifa moja iliyo ya lazima, ila ipo sababu inayozifanya sifa hizo zionekane pamoja mara kwa mara. John Dupré (1981, 1993) alidai kuwa maumbile yana mipaka mingi ya kweli inayopishana, na kwamba mpishi, mkata mbao na mwanabiolojia kila mmoja anaweza kufuata mpaka wa kweli bila mwenzake kuwa amekosea. Hacking, kwa upande wake, alitenga aina za watu: mti hauna habari na jina ulilopewa, ila mtu akiainishwa hujibu, hubadilika, na uainishaji wenyewe hulazimika kumfuata.

4.0 Majina ya Mikoko

4.1 Mkoko mmoja na mikoko yote

Miti ya mikoko inayotajwa zaidi katika pwani ya Tanzania ni mkoko (Rhizophora mucronata), mchu (Avicennia marina), msinzi au muia (Bruguiera gymnorhiza), mkandaa (Ceriops tagal), mlilana (Sonneratia alba), mkomafi (Xylocarpus granatum), kikandaa au mkandaa dume (Lumnitzera racemosa), mkomafi dume (Xylocarpus moluccensis) na msikundazi (Heritiera littoralis). Kwa mkataji, kila jina ni tofauti ya kweli: gome, jani, uzito wa mti, namna unavyopasuka, na mahali unapoota. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Msikundazi hupenda upande wa nyuma, ambako maji ya mto hupunguza chumvi.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba majina haya, kwa kiwango cha spishi, yanalingana karibu moja kwa moja na majina ya wanabotania. Ulinganifu wa namna hii umeripotiwa katika jamii nyingi na Brent Berlin na wenzake, na wengi wameuchukulia kuwa ushahidi kwamba aina asilia na aina za kimaumbile hukutana angalau katika ngazi hiyo.

Jambo la pili ni jina la jumla. “Mikoko” ni wingi wa “mkoko”, na wakati huohuo ni jina la kundi zima. Kielelezo kimelipa kundi jina lake, sawasawa na alivyoeleza Whewell: kitovu ni mkoko wenyewe, wenye mizizi ya magongo na mbegu zinazoota zikiwa bado mtini, na miti mingine inahesabiwa kwa kuwa jirani zake. Wala hili si udhaifu wa lugha ya wavuvi na wakataji. Carl Linnaeus, katika Species Plantarum ya mwaka 1753, aliuweka msinzi katika jenasi ya Rhizophora, na mkandaa nao ulipoelezwa kwa mara ya kwanza na wanabotania uliingizwa humo humo. Botania ya Ulaya, kwa maneno mengine, nayo ilianza kwa kuita mikoko mikoko. Miti hiyo ilitenganishwa katika jenasi zake baadaye.

4.2 Mkandaa na mkandaa dume

Kivumishi “dume” kinastahili kuangaliwa kwa makini. Katika “mkomafi dume” kinatenga mti unaofanana na mkomafi bila kuwa mkomafi wenyewe, na botania inakubali: yote miwili ni ya jenasi ya Xylocarpus. Katika “mkandaa dume” kifaa hichohicho cha lugha kinafanya kazi ileile, lakini hapa botania haikubali. Mkandaa ni wa familia ya Rhizophoraceae, ilhali mkandaa dume ni wa Combretaceae. Undugu wao ni wa mbali sana.

Je, wenyeji wamekosea katika jina la pili na kupatia katika la kwanza? Kujibu ndiyo ni kudhani kuwa jina lilikusudiwa kutaja nasaba. Umbo la jina halioneshi hivyo. “Dume” hapa halina uhusiano na jinsi ya mmea. Linasema: mti huu uchukulie kwa kuulinganisha na ule, lakini usiuchanganye nao. Kiambishi cha udogo katika “kikandaa” kinasema jambo lilelile kwa njia nyingine. Yote mawili ni maelezo ya mfanano, na mfanano huo upo kweli. Kinachokosekana ni dai la nasaba, na dai ambalo halikutolewa haliwezi kuwa kosa.

4.3 Mti ukikatwa: ngeli na boriti

Mti uliosimama huchukua upatanisho wa ngeli ya U-I: mkandaa umekua, mikandaa imekua. Ukikatwa na kusafishwa, jina hubadilika kufuatana na unene: ufito, upau, boriti, nguzo. Pamoja na jina hubadilika ngeli. Boriti huenda I-ZI. Ufito na upau huenda U-ZI, ngeli ambayo imejaa vitu virefu na vyembamba kama uzi, ubao na ufagio. Sarufi inaandika tukio ambalo mwanafalsafa angelihitaji aya nzima kulieleza: kitu kimehama kutoka aina iliyowekwa na ukuaji wake kwenda aina iliyowekwa na kipimo na matumizi.

Aina hii ya pili haijali spishi. Boriti yaweza kuwa ya mkandaa, ya msinzi au ya mkoko. Katika kirai “boriti ya mkandaa”, zao ndilo neno kuu na mti umekuwa kijalizo. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, na katika miji ya pwani urefu wake ndio uliopima upana wa chumba cha nyumba ya mawe. Kwa mtu wa nchi kavu, kama vile Mchukwi, yamkini boriti, upau na ufito ndivyo vitu vinavyofahamika kwanza, na mti uliovizaa baadaye. Kwa mkataji wa delta mpangilio ni kinyume. Lugha moja inawahudumia wote wawili.

Uwezo huu wa ngeli kubeba aina unaonekana pia katika viumbe wa delta. “Kamba wamepatikana” na “kamba zimepatikana”, “kaa amekufa” na “kaa limekufa”: umbo la nomino ni lilelile, ila upatanisho unatenga kiumbe na kitu. Lakini kigezo cha A-WA si uhai wenyewe, maana mchu una uhai na haupati A-WA. Sarufi ya Kiswahili imechora mpaka wa kweli, mpaka wa wanyama, bila kudai kuwa ndio mpaka pekee.

5.0 Mjadala

Je, mikoko, kwa maana ya kundi zima, ni aina ya kimaumbile? Kwa kigezo cha nasaba, hapana. Mkoko, msinzi na mkandaa ni ndugu wa familia moja, lakini mlilana ni wa Lythraceae, mkomafi ni wa Meliaceae, msikundazi sasa umo katika Malvaceae, na mchu sasa umo katika Acanthaceae baada ya kuhamishwa kutoka Verbenaceae kupitia familia yake yenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba katika uhamisho huo wote jina “mchu” halikuyumba hata siku moja.

Kwa kigezo cha Boyd jibu hubadilika. Miti hii imesukumwa na mazingira yaleyale: maji ya chumvi, kupwa na kujaa, tope lisilo na oksijeni ya kutosha. Kila ukoo umepata suluhisho lake. Mkoko huzuia chumvi nyingi mizizini. Mchu huitoa kwa majani. Mkoko husimama juu ya mizizi ya magongo. Mchu na mlilana huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope. Kifungu cha sifa kipo, sababu inayokishikilia ipo, na sababu hiyo haikutungwa na mtu. Kwa hiyo “mikoko” ni aina ya kimaumbile ya kiikolojia ingawa si aina ya kinasaba. Wanabotania wenyewe hawafuti kingo zenye ukungu: P. B. Tomlinson, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alitenga mikoko mikuu na mikoko midogo, na akauweka mkomafi na msikundazi katika kundi la pili. Kitovu na kingo za Whewell zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Vipi kuhusu boriti? Hapa Dupré anajaribiwa. Ni kweli kwamba mkata mbao hufuata tofauti halisi za ugumu na unyoofu. Lakini mpaka kati ya upau na boriti ni wa kipimo kilichokubaliwa sokoni, na soko jingine laweza kuuhamisha bila kukosea. Mkusanyo wa boriti unafanana na vitu vyeupe vya Mill zaidi kuliko salfa yake: ukishajua unene, unyoofu na kazi yake, hakuna hazina ya sifa nyingine inayongoja kugunduliwa. Magome yanakaa katikati. Biashara ya magome ya kutengenezea ngozi, iliyostawi wakati wa Wajerumani, ilifuata hasa miti ya Rhizophoraceae kwa sababu ya tanini yake, na hivyo mfanyabiashara akaugusa mpaka wa nasaba bila kuutafuta. Hata hivyo mkomafi nao una tanini, na ulinganifu ukaishia hapo. Kwa hiyo si kila aina asilia ni aina ya kimaumbile, wala si kila aina ya kibiashara ni ya kubuni. Kila jina linapimwa peke yake.

Mgawanyo wa kazi wa Putnam nao unahitaji kurekebishwa. Katika mfano wake, raia wa kawaida humtegemea mwanasayansi. Mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeweza kupambanua msinzi na mkandaa bado anataja miti miwili anaposema maneno hayo mawili, lakini utaalamu unaomdhamini haukuanzia maabara. Umeanzia kwa mkataji, na mwanabotania aliyerekodi majina hayo alikuwa naye mwanafunzi wa mkataji kabla ya kuwa mwalimu wa wengine. Putnam hakukosea kusema kwamba maana hudhaminiwa na wataalamu. Alilokosa kuonesha ni kwamba wataalamu hao wanaweza kuwa wa namna zaidi ya moja, na kwamba wakitoweka wa namna moja, jina hubaki na dhamana pungufu.

6.0 Uzito wa Jambo

Mjadala huu ungeweza kuishia katika semina lau msitu huu usingekuwa mali ya sheria. Utawala wa Kijerumani uliutangaza msitu wa mikoko wa delta kuwa hifadhi mwaka 1898. Mwaka 1987 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara, ulioandaliwa na Adelaida Semesi, ambao uligawa misitu hiyo katika kanda nne kufuatana na kiwango cha ulinzi na matumizi. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya ardhioevu za Ramsar.

Kila hatua kati ya hizo inategemea neno. Sheria inaposema “mikoko” inatumia jina la kundi, na kingo za kundi hilo ndizo zinazoamua kama aliyekata msikundazi ukingoni mwa maji matamu amekata mkoko. Inaposema “boriti” inaingia katika mfumo mwingine kabisa, na shehena ya spishi tatu inakuwa kitu kimoja. Kanda za usimamizi nazo ni aina za kiutawala juu ya aina za kiikolojia. Afisa na mkataji wanaweza kupingana kwa dhati huku kila mmoja akisema kweli katika mfumo wake wa uainishaji.

Tahadhari ya Hacking inaonekana hapa pia. Mwaka 2012, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walichapisha makala yaliyodai kwamba mipango ya hifadhi na kaboni inawageuza wakulima wa mpunga wa delta kuwa waharibifu katika maelezo rasmi. Mwaka uliofuata watafiti wengine, akiwamo Neil Burgess, waliyapinga. Hapa si mahali pa kuamua nani alikuwa na haki. Inatosha kuona kwamba ubishi ulihusu kwa sehemu jina: nani mwenyeji, nani mvamizi, upi msitu, lipi shamba. Mchu hautabadili tabia yake kwa kuitwa Avicennia. Mkulima aliyeitwa mvamizi ana kila sababu ya kubadili yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya dhana ya aina za kimaumbile, kutoka kiini cha Aristotle hadi kifungu cha sifa cha Boyd, inaweza kusomwa upya kwa data ya Kiswahili, na kwamba data hiyo inaongeza jambo katika nadharia yenyewe. Majina ya spishi yanalingana na mipaka ya nasaba. Jina la jumla la mikoko linalingana na mpaka wa kiikolojia ulio wa kweli, ingawa kingo zake hazikunyooka. Majina ya mazao yanafuata kipimo na kazi, na ngeli za Kiswahili zinautangaza uhamisho huo kwa uwazi ambao lugha zisizo na ngeli hazinao.

Kwa upande wa istilahi, inapendekezwa kwamba “aina za kimaumbile” litengwe na “aina asilia”. Maneno hayo mawili yakiwekwa mbalimbali, mtafiti ataweza kuuliza ni wapi yanakutana. Yakichanganywa, ama maarifa ya wenyeji yatapewa sifa ambayo hayajaidai, ama yatanyimwa sifa ambayo yamekwisha kuistahili. Kazi inayobaki ni ya kamusi na ya uwandani: kurekodi majina ya miti, magome na mazao ya delta pamoja na vigezo vya wale wanaoyatumia, kabla mkataji wa mwisho anayejua kuutenga mkandaa na mkandaa dume kwa kugusa gome lake hajaondoka na dhamana ya maneno hayo.